Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nchi: neno nililotoa kwa niaba yenu bado nadaiwa

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa hazina, mipaka na uhusiano wa nchi yetu na mataifa mengine,
Nairobi.

Nakala: Waheshimiwa wa Serikali ya Kaunti, Lamu.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nawaandikia nikiwa barazani kwangu Mkomani, mjini Lamu, raia mwenye pensheni na magoti mabovu. Kabla ya hapo nilikuwa mtumishi wenu kwa miaka 31 katika balozi zetu: Ghuba ya Uarabuni mara mbili, Ulaya mara moja, Asia mara moja, na katikati ya safari hizo miaka ya kuzunguka ofisi za Nairobi na mafaili kwapani. Nilistaafu 2017.

Hii si barua yangu ya kwanza. Nimewaandikia tatu, zote katika bahasha zilizofungwa, kwa adabu ile tuliyofundishwa kwamba mtumishi wa serikali, hata akistaafu, hasemezani na wakubwa wake mbele za watu. Ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja: barua yako imepokelewa na inashughulikiwa. Nilicheka peke yangu hata mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mstari ule naujua. Nimewaandikia watu mstari ule kwa mkono wangu mara zisizo na idadi, na wengi wao nilijua fika kwamba hakuna aliyekuwa akiwashughulikia. Barua ya pili na ya tatu hazikupata hata huo.

Ndiyo sababu hii ya nne naiweka hadharani. Sitafuti ubunge wala cheo. Watu wa mtaa huu watawaambia kwamba hata uenyekiti wa kamati ya msikiti niliukataa. Kazi ya balozi ni kutoa neno kwa niaba ya wengine. Mimi nimetoa mengi kwa niaba yenu, na yapo ambayo hadi leo nadaiwa huku vichochoroni, ilhali funguo za sanduku mnazo nyinyi.

1. Wavuvi

Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alikuja Magogoni, upande wa bara, pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia, kuzindua LAPSSET: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta la kutuunganisha na majirani hao wawili. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jioni yake mdogo wangu, mvuvi tangu hajabaleghe, alikuja kukaa nami barazani, chumvi bado imemkaukia miguuni. Akaniuliza: "Kaka, hizo meli zikiya, sisi tutavua wapi?"

Nikamjibu kama balozi. "Mtalipwa. Serikali haiwezi kuchukua mahali pa watu bure." Akanyamaza, akanywa kahawa yake, akaenda zake kulala kwa kuwa maji yalikuwa yakijaa alfajiri.

Asiyeijua bahari yetu hudhani kwamba bahari ni kubwa, mvuvi akiondolewa hapa atakwenda pale. Mdogo wangu alikuwa akiuliza habari za upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, hata dau dogo linaweza kutoka nje. Kusi ikishaingia, bahari kuu haina mzaha na chombo cha tanga, na mvuvi asiye na mashine hujibana ndani: ghuba ya Manda, kandokando ya mikoko, kwenye mikondo baina ya visiwa. Huko ndiko anakopata tasi, changu na kaa wa kuvusha nyumba miezi hiyo. Na huko huko ndiko mlikochimba ili meli kubwa zipite. Tope likatibuka, mahali pa kutega madema pakawa njia ya meli, na mdogo wangu akabakiwa na bahari ya miezi minne kwa mwaka.

Mwaka uliofuata nilisimama katika ukumbi wa hoteli, katika mji mmoja wa Asia, mbele ya wenye mitaji wapatao arobaini. Nilianza, kama ilivyo desturi yetu tukiwa pande zile, na hadithi ya twiga aliyepelekwa kwa mfalme wa China kutoka Malindi mwaka 1415. Hadithi hiyo huwafurahisha kila mara. Kisha nikawaonyesha ramani: kina cha mita 17.5, magati 32, ardhi tele. Mzee mmoja mwenye kampuni ya meli akanyosha mkono akauliza kama kuna watu wanaoishi pale. Nikasema wapo wavuvi, na kwamba watafidiwa kikamilifu kwa mujibu wa sheria. Jibu hilo halikuwamo katika karatasi niliyotumiwa kutoka Nairobi. Nilisema nililoliamini, na uso wa mdogo wangu ulikuwa mbele yangu. Mzee yule aliandika kitu katika daftari lake. Nimejiuliza mara nyingi aliandika nini.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za wavuvi zilikiukwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Rufaa ikakatwa. Mazungumzo ya nje ya mahakama yakafuata, kisha majina yakaanza kuhakikiwa. Gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021 kwa hotuba na ngoma, na meli zikafunga kamba. Mdogo wangu alikuwa bado anasubiri.

Karatasi yake ya uhakiki ninayo. Aliitia katika mfuko wa nailoni, mfuko akautia ndani ya bati la biskuti, bati akaliweka juu ya kabati, pembe ambayo paa lake halikuwa likivuja. Jina lake la tatu lina herufi moja iliyokosewa. Alikwenda kulirekebisha mara nne. Kila safari ni nauli ya boti hadi Mokowe, upande wa bara, na kurudi, na siku nzima bila kuvua. Safari ya nne karani alimwambia alete kiapo kutoka kwa wakili. Wakili naye anataka pesa, na pesa ndiyo hiyo aliyokuwa akiifuatilia. Alifariki Novemba 2022 bila kuona hata senti. Siku ya hitima mwanawe aliniletea lile bati akaliweka mapajani mwangu. "Ami," akasema, "wewe ndiwe ujuaye serikali."

Barua ya kwanza niliwaandikia wiki ile ile.

2. Mpaka wa baharini

Sikuwamo katika timu ya kesi yetu na Somalia, kwa hiyo nasema kama mtu aliyesoma hukumu, kurasa zake zote, kwa miwani na subira. Somalia ilitushtaki The Hague, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Agosti 2014. Hoja yetu kubwa ilikuwa kwamba mpaka unafuata mstari wa latitudo tuliotangaza mwaka 1979, na kwamba Somalia iliuridhia kwa kunyamaza miaka yote hiyo. Tukapeleka ushahidi wa doria, wa uvuvi, wa vitalu vya mafuta. Kusikilizwa kulipoanza Machi 2021 tukasusia. Tarehe 12 Oktoba 2021 majaji wakasema hakuna mpaka uliokuwa umekubaliwa, wakachora wa kwao, nasi tukatangaza kwamba hatuutambui.

Kususia kikao ni haki ya nchi, ingawa mimi nisingelishauri. Nafasi yako ikiwa tupu mwenzako hujisemea atakavyo. Lakini neno langu leo liko nyuma ya kesi yenyewe. Bahari ile ina wenyewe tangu kabla ya ramani. Wabajuni wa Kiunga na Ishakani, wa Faza na Kizingitini, wameivua kizazi baada ya kizazi, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka hadi Kismayu. Ni raia wenu, na ndio waliokuwa juu ya maji yale siku ambazo hakuna doria. Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini iungane na Somalia, miaka ya sitini, vijiji vyao vya bara vilihamwa, watu wakakimbilia visiwani, na wengi hawakurudi kwa kuwa hakuna aliyewarejeshea kisima, shule wala usalama. Halafu mwaka 2011 wakatekwa wageni Kiwayu na Manda, majeshi yetu yakaingia Somalia mwezi Oktoba kuwaandama al-Shabaab, na mwaka 2014 mji wa Mpeketoni, humu humu kauntini, ukashambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 60. Kila lilipotokea jambo, dawa ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa ni kumwambia mvuvi asitoke usiku.

Usalama ni wa kwanza, sibishi. Nimezika watu kwa ajili ya kukosekana kwake. Ila samaki wengine huvuliwa usiku, na bahari mliyoiondolea wavuvi huwa tupu kwenu pia. Sisemi kwamba tungeshinda The Hague kwa sababu ya madau ya Kizingitini. Sheria ya bahari haiendi hivyo. Nasema mnaulilia mstari wa majini na watu wanaokaa penye mstari huo hamjawajengea zahanati yenye dawa.

3. Kitambulisho

Hili linatokana na hilo la juu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Kizingitini, alitaka kujiunga na kikosi cha kulinda bahari. Kijana anaijua miamba ya Pate gizani. Akaenda kuomba kitambulisho, akaambiwa alete cha baba, cha babu, barua ya chifu, kisha afike mbele ya kamati ya wazee imchunguze kama kweli ni Mkenya. Nikatoa kabatini pasipoti yangu ya zamani ya kidiplomasia, iliyokwisha muda na kukatwa pembe, nikampa aende nayo. Nilijiona nimempa upanga. Jioni akairudisha: "Mjomba, wamesema mjomba hahesabiwi."

Kitambulisho kilichukua miezi 14. Usajili wa kikosi ulikuwa umekwisha. Sasa anaendesha boti ya kubeba watalii kwenda Shela, na huwa hataki kulizungumza jambo hilo.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa mchujo huo kwa watu wa kaunti za mpakani. Nampa hongera kwa dhati, bila kejeli. Lakini nimekaa serikalini vya kutosha kujua umbali uliopo kati ya tangazo na dirisha la karani. Mwaka 2014 pia zilitangazwa kufutwa hati za kampuni 22 zilizoshika ekari zipatazo 500,000 za ardhi ya kaunti hii. Waulizeni watu wa hapa ni wangapi kati yao wana hati mkononi leo.

4. Watoto wetu walio Ghuba

Mtasema hili si la Lamu. Nendeni gati ya Malindi au ya hapa siku yoyote, ulizeni nani hana binti, dada au shemeji Ghuba.

Katika kituo changu cha mwisho kule tulikuwa na chumba cha kuhifadhi mafaili. Wakati mmoja wanawake 11 walilala humo, juu ya zulia, wamekimbia nyumba walizokuwa wakitumika. Pasipoti wanazo waajiri, na kwa mfumo wa kafala wa wakati ule mwajiri ndiye aliyekuwa na kauli juu ya kubaki na kuondoka kwako. Mmoja wao alikuwa msichana wa Malindi, miaka 23. Kila asubuhi tukifika kazini tulikuta vikombe vyote vya ofisi vimeoshwa na kupangwa vimegeuzwa, hakuna aliyemwambia. Siku moja nilimkataza. Akanijibu, "Babu, nikikaa bure nitafikiri."

Niliandika Nairobi kuomba tiketi 11. Jibu: hakuna fungu. Juma lile lile ulikuja ujumbe wa watu 19 kwa mkutano wa siku mbili, nami nikaagizwa nitafute magari yenye vioo vyeusi. Tiketi za wale wanawake tulichanga sisi: makatibu, madereva, mfanyabiashara mmoja wa Kimombasa na mimi. Ilituchukua wiki saba. Msichana wa Malindi alikuwa wa mwisho kuondoka kwa sababu alitaka wenye watoto watangulie.

Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Tarakimu hiyo mnaitaja kwa fahari kila bajeti inaposomwa, na mna haki. Nauliza tu ni kiasi gani kinachorudi kwao siku wanapolala chini katika chumba cha mafaili.

Sasa, najua mtakayonijibu, maana mengine nimewafundisha vijana wenu namna ya kuyasema.

Mtasema suala la wavuvi liko katika mikono ya sheria. Liko huko tangu 2012, na sheria haijawahi kumkataza mdaiwa kulipa. Mtasema hakuna pesa. Nimeandaa safari za waheshimiwa kwa miaka 31. Naijua bei ya vyumba, ya magari na ya wasindikizaji wasio na kazi, kwa hiyo hilo tusilifungue hapa. Mtasema wengine waliojiandikisha si wavuvi. Huenda, basi waondoeni hao kwa majina, msiwashike mateka wavuvi wa kweli kwa ajili ya wa uongo. Mtasema barabara ya lami kutoka Garsen imefika, bandari imejengwa, Lamu imepata nini isichopata jirani yake. Barabara imefika kweli, na nashukuru. Nakumbuka siku ambazo mvua ikinyesha basi lilikwama Witu mpaka abiria wakafahamiana ukoo.

Na kuna lile msilolisema kwa sauti: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu yote, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote kati ya 47. Kura hizo hazimwangushi mtu. Nalifahamu, na ndiyo maana siwaombi kwa lugha ya kura. Kazi yangu yote niliwauzia wageni nchi yenu kwa kuwaambia kwamba Kenya ikisema imesema. Wageni wale wanasoma magazeti.

Ninachoomba ni hiki. Kila mvuvi aliyehakikiwa ambaye bado hajalipwa alipwe, na aliyekufa walipwe warithi wake kwa cheti cha kifo na barua ya Kadhi, bila kiapo cha wakili kwa ajili ya herufi moja. Na siku za kurekebisha majina makarani wavuke waje visiwani, waende Faza, Kizingitini na Kiunga, badala ya wavuvi kuwafuata wao. Tangazo la vitambulisho liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye kila dirisha la usajili, pamoja na nambari ya simu ya kulalamikia ambayo mtu ataipokea. Kila ubalozi wetu Ghuba upewe fungu la kurudisha watu nyumbani, hata likiwa dogo la tiketi 50 kwa mwaka, lisiloweza kuhamishiwa magari. Na kabla hamjazindua gati jingine, njooni mkae siku moja na wavuvi bila hema wala viti vya kukodi. Mimi nitatoa kahawa.

Sikuweka tarehe ya mwisho kwa kuwa sina cha kuwatishia nacho. Ninachoweza ni kuandika tena, na kila barua nitakayoandika tangu sasa itapita njia hii ya hadharani. Majibu yanaweza kuletwa kwangu Mkomani. Mkifika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mtu yeyote atawaonyesha nyumba.

Nimeambatanisha nakala za barua zangu tatu zilizotangulia, jibu la mstari mmoja, na nakala ya karatasi ya uhakiki ya marehemu mdogo wangu. Jina sahihi nimeliandika pembeni kwa wino mwekundu.

Wenu katika utumishi wa nchi,

Balozi mstaafu,
Mkomani, Lamu.